Kidonge cha kutolala: panya wa labo wanatuonyesha nini juu ya amfetamini

Kuna maneno yanayotembea kati ya vijana wanaojitayarisha kwa mtihani wa taifa, kati ya madereva wa kamio wanaopanda milima usiku, na kati ya wale wanaolinda maduka mpaka asubuhi: kwamba kuna vidonge vinavyoondoa usingizi na kufungua akili. Nusu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli. Usingizi unakwenda. Ile nusu ya pili, ya kufungua akili, ni jambo lingine. Kuna watu waliotumia maisha yao kulipima, wakikaa mbele ya panya ao njiwa aliyefundishwa kazi na kumhesabia, saa kwa saa, anafanya nini kabla ya dawa na anafanya nini kisha kuipata.

Jibu lao linashangaza kidogo. Ile dawa haiongezi ujuzi. Inasukuma kile ambacho mnyama anakifanya tayari, na kama msukumo huo utamsaidia ao utamharibia, hiyo inategemea kazi aliyofundishwa. Dawa ileile, panya yuleyule: kwa kazi moja anashinda, kwa kazi nyingine anapoteza chakula chake mwenyewe huku akichapa kazi kuliko siku zote.

Ni dawa za jamaa gani

Amfetamini ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1887 katika mji wa Berlin na mkemia wa Romania, Lazăr Edeleanu. Ilikaa zaidi ya miaka 40 bila mtu kujua inafaa nini. Ndugu yake mwenye nguvu zaidi, metamfetamini, ilitoka Japani: Nagai Nagayoshi aliipata mwaka 1893, na Ogata Akira akaitengeneza katika hali ya fuwele mwaka 1919. Katika miaka ya 1930 amfetamini iliuzwa Marekani kwa jina la Benzedrine, kwanza kama dawa ya kuvuta kwa pua iliyoziba. Vita ya pili ya dunia ilipofika, askari wa Ujerumani walipewa Pervitin, ambayo ni metamfetamini, na Waingereza na Wamarekani wakawapa wao Benzedrine. Wote walitaka kitu kimoja: askari asisinzie.

Sisi huku tuna jamaa yake wa karibu zaidi. Yale majani ya kutafuna ambayo majirani zetu wa Uganda wanaita mairungi na Wakenya wanaita miraa yana kitu kinachoitwa katinoni, na umbo lake linafanana sana na la amfetamini. Katinoni ilitambuliwa mwaka 1975 katika labo ya Umoja wa Mataifa. Inaharibika haraka jani linapokauka, njo maana miraa inafungwa kwa majani ya ndizi na kukimbizwa sokoni ikiwa bado mbichi. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya kidonge, lakini ukoo ni uleule.

Ndani ya ubongo, amfetamini inafanya kazi hasa kupitia dopamini na noradrenalini, vitu ambavyo chembe za ubongo zinatumia kupashana habari. Kwa kawaida, chembe ikisha kutoa dopamini, inairudisha ndani kupitia kamlango kadogo. Amfetamini inaingia, inamwaga akiba ya ndani, na inageuza ule mlango: ulipaswa kuingiza mifuko ghalani, sasa unaitoa nje. Na dopamini siyo tu kitu cha furaha, sawa watu wengi wanavyosema. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz na wenzake, wakipima ubongo wa nyani wanaopewa maji ya matunda, waliona kwamba chembe za dopamini zinaamka wakati zawadi inapokuja bila kutazamiwa. Nyani akisha kujifunza kwamba taa fulani inatangulia zawadi, chembe zile zinaamka kwa taa, na kwa zawadi yenyewe zinanyamaza. Kwa hiyo dopamini ni sehemu ya njia ambayo mnyama anajifunza nini kinalipa. Sasa fikiri unamwaga kitu hicho kwa nguvu, wakati ambapo hakuna kilicholipa.

Sanduku na kibao cha kufinya

Kabla ya kuendelea tuelewane juu ya jambo moja. Kukimbia, kunusa, kushtuka, hayo mnyama anazaliwa nayo. Tunachozungumzia hapa ni tabia iliyofundishwa: jambo ambalo panya hakulijua, akalijua juu lilimletea kitu. Chombo cha kulipima kilitengenezwa na Mmarekani B. F. Skinner katika miaka ya 1930. Ni sanduku dogo lenye kibao cha kufinya ukutani na kikombe cha chakula. Panya mwenye njaa anazunguka, siku moja anakanyaga kibao bila kukusudia, punje ya chakula inaanguka. Baada ya muda kidogo hazunguki tena, anakwenda kufinya moja kwa moja. Mashine inaandika kila mfinyo.

Mwaka 1937 Skinner na W. T. Heron, wakiwa chuo kikuu cha Minnesota, walitoa matokeo ya jaribio la Benzedrine kwa panya waliozoea kazi hii. Chini ya dawa walifinya zaidi. Mpaka hapo hakuna ajabu. Lakini walijaribu pia hali nyingine: chakula kimekatwa, kibao hakileti tena kitu. Panya wa kawaida anafinya, anafinya, anapunguza, mwishowe anaacha, kwa sababu amejifunza kwamba kisima kimekauka. Chini ya Benzedrine panya alifinya kibao kisicholipa zaidi ya vile angefanya bila dawa. Ukimtazama tu kwa dirisha ungesema huyu panya ana bidii.

Hapo tayari kuna somo kwa mtu anayesema "nikimeza nafanya kazi mingi". Kazi mingi, ndiyo. Swali ni kama ile kazi bado inalipa, na dawa haijibu swali hilo kwa niaba yako.

Njiwa wa Boston

Mtu aliyefungua jambo hili vizuri zaidi ni Peter Dews, Mwingereza aliyefanya kazi katika shule ya udaktari ya Harvard, Boston. Alitumia njiwa. Njiwa anadona kitufe chenye mwanga ukutani na anapata nafaka. Dews alikuwa na kazi mbili za kuwapa, na inafaa tukae hapa kidogo kwa sababu tofauti ya kazi hizo mbili njo kiini cha mambo yote.

Kazi ya kwanza inalipa kwa wakati. Chakula kinapatikana kisha dakika 15 kupita. Njiwa akidona mara moja baada ya hapo, analipwa. Kudona mapema hakusaidii na hakudhuru. Ni sawa na robine ya mtaa ambayo maji yanatoka saa fulani tu. Mwanzoni mama anaweka bidoni yake katika foleni na kwenda kuongea. Saa ikikaribia anaanza kuchungulia, kufungua, kuchungulia tena. Njiwa ni vilevile: mwanzo wa dakika 15 anadona kidogo sana, na mwisho anadona mbio.

Kazi ya pili inalipa kwa hesabu. Ukidona mara 50, unakula. Ni kazi ya kulipwa kwa safari, sawa na mtu anayebeba mawe ao mchanga: kadiri unavyokwenda haraka, njo unavyolipwa haraka. Hapa njiwa anadona mbio tangu mwanzo.

Mwaka 1955 Dews alionyesha, kwa dawa ya kulaza usingizi iitwayo pentobabitali, kwamba kipimo kilekile kinapunguza kudona katika kazi ya kwanza na kukiongeza katika kazi ya pili. Watu waliokuwa wanagawa dawa kuwa "za kupandisha" na "za kushusha" walipata shida. Mwaka 1958 alitoa matokeo ya metamfetamini, na kutoka hapo yeye na wengine waliomfuata wakapata kanuni iliyodumu: fasi ambapo mnyama alikuwa anafanya kidogo, dawa inaongeza, fasi ambapo alikuwa anafanya mbio tayari, dawa haiongezi, na mara nyingi inapunguza. Njiwa anayesubiri robine anaanza kuhangaika tangu dakika ya kwanza. Njiwa wa mbio za kulipwa kwa safari anapungua.

Tazama vizuri maana yake. Ukiuliza "amfetamini inaongeza kazi ao inapunguza?", hakuna jibu. Lazima kwanza useme kazi gani, na mwenye kazi alikuwa anaenda mwendo gani kabla ya kumeza.

Kungoja ni kazi pia

Katika mambo yote ambayo watafiti waliwafundisha panya, kuna moja ambalo amfetamini inaliharibu karibu kila mara: kungoja.

Kazi yenyewe ni hii. Panya akifinya, analipwa kama tu muda fulani, tuseme sekunde 20, umepita tangu alipofinya mara ya mwisho. Akifinya kwa sekunde ya 15, halipwi, na saa inarudi kwa sifuri. Inabidi ajizuie. Panya wanaijua kazi hii vizuri wakipewa muda. Wengine wanajitafutia kitu cha kufanya wakingoja, kujilamba, kuguguna kona ya sanduku, kisha wanarudi kwa kibao kwa wakati wake. Murray Sidman, Marekani, aliitumia mwaka 1955 kupima dawa juu ya hesabu ya wakati. Chini ya amfetamini panya anafinya mapema. Anafinya kwa sekunde ya 12, ya 14, ya 9, na kila mfinyo unafuta kungoja kote alikokuwa amefanya. Jumla ya mifinyo inapanda, jumla ya chakula inashuka. Na hali panya huyu ana njaa, na kazi ameijua kwa majuma mengi. Hakuisahau. Anashindwa kuishikilia.

Ukiangalia kazi za watu, nyingi zina sehemu ya kungoja ndani yake. Dereva anayengoja nyuma ya kamio lingine mpaka aone kona iko wazi. Motari kwenye njia panda. Mwanafunzi anayesoma swali mpaka mwisho kabla ya kuandika. Panya hawezi kutuambia moja kwa moja kitatokea nini kwa dereva yule, lakini anatuonyesha ni sehemu gani ya ujuzi inayolegea kwanza.

Haki inadai tuseme pia pale ambapo dawa inasaidia. Kuna kazi nyingine, nayo ilibuniwa na Sidman, ambapo panya asipofinya anapata umeme kidogo kwenye miguu, na kila mfinyo unaahirisha ule umeme. Amfetamini inamfanya panya afinye zaidi na aumizwe kidogo. Watafiti wengi waliliona hili. Lakini tazama kazi yenyewe imejengwa namna gani: kufinya kupita kiasi hakugharimu kitu, na kufinya kidogo kunaumiza. Kazi ya namna hiyo inamfaa mwenye kuhangaika. Kwa watu vilevile, mtu aliyekosa usingizi akipewa kazi ya kukodolea macho kioo na kufinya mara anapoona alama, amfetamini inamrudishia uangalifu wake uliopungua. Majeshi hayakuipenda bure.

Panya anayezoea na panya asiyezoea

Sasa tunafika kwa jaribio ambalo kwangu ni zuri kuliko yote, ingawa linajulikana na watu wachache. Kila mtu amesikia kwamba mwili unazoea dawa: ile iliyokushika jana, kesho haikushiki sawasawa. Tunafikiri ni damu ao ini vinavyojifunza kuivunja haraka. Mwaka 1966 Charles Schuster, William Dockens na James Woods walitoa matokeo yanayoonyesha kwamba kuna kuzoea kwa namna nyingine.

Panya walewale walikuwa na kazi mbili katika kipindi kimoja. Moja ni ile ya kungoja, ambapo kufinya mapema kunapoteza chakula. Nyingine ni ile ya robine, ambapo kufinya mapema hakupotezi kitu. Walipewa amfetamini kila siku. Siku za kwanza mifinyo ilipanda katika kazi zote mbili. Siku zilivyopita, katika kazi ya kungoja panya alirudi polepole karibu na mwendo wake wa zamani. Katika kazi ya robine aliendelea kufinya kupita kiasi, siku baada ya siku. Na katika kazi ya kukwepa umeme, ambapo dawa ilikuwa inamsaidia, hakuzoea.

Ni panya yuleyule, na sindano ni ileile. Kama kuzoea kungekuwa jambo la ini peke yake, angezoea katika kazi zote mbili. Alizoea pale tu alipokuwa anapoteza. Hasara ilimfundisha kufanya kazi akiwa na dawa mwilini, kama mlevi wa siku nyingi anavyojifunza kutembea wima mbele ya bibi yake. Kule ambako dawa haikumtoza kitu, hakuwa na sababu ya kujifunza.

Jambo hili linaeleza kitu ambacho jamaa wengi wanakiona nyumbani bila kuelewa. Mtu anayetumia anaonekana mzima kabisa kazini, pale ambapo kosa linamgharimu feza. Akirudi nyumbani, fasi ambapo mapatano hayapimwi kwa feza, anahangaika, anakatiza watu maneno, hangoji. Siyo kwamba anaigiza upande mmoja. Huenda alijifunza upande mmoja tu.

Kipimo kikipanda

Mpaka hapa tulikuwa tunaongea juu ya vipimo vidogo ao vya katikati. Kikipanda, hadithi inabadilika. Katika hospitali ya Sankt Hans, Roskilde, huko Denmark, Axel Randrup na Ib Munkvad walieleza katika miaka ya 1960 kile kinachowapata panya na wanyama wengine: kurudiarudia. Panya anaacha kutembea, anasimama kona moja, ananusa, analamba, anaguguna nyaya za sanduku, tena na tena, kwa muda mrefu. Kibao kipo, chakula kipo, hakiendei.

Mwaka 1975 Melvin Lyon na Trevor Robbins walikusanya mambo haya yote katika maelezo moja. Kadiri dawa inavyoongezeka, mnyama anafanya mara nyingi zaidi mambo machache zaidi. Mambo marefu yenye hatua, sawa na kwenda, kufinya, kugeuka, kula, yanakatika kwanza, kwa sababu kila hatua inahitaji nafasi. Mambo mafupi yanabaki na kujaza saa yote. Mwishowe linabaki moja.

Daktari wa magonjwa ya akili huko Sweden, Gösta Rylander, alieleza jambo linalofanana kwa watu waliokuwa wanajichoma dawa za jamaa hii: mtu anakaa masaa akifungua saa ao redio, akipanga vipande, akivirudisha, bila kuwa na kazi navyo. Mwenyewe anaona anafanya kitu cha maana.

Taa, chumba na mazoea

Kuna upande mwingine wa kujifunza: alama. Kengele ya shule, mlio wa simu, harufu ya samaki wa kukaanga. Chenyewe hakishibishi, lakini kimefuatana na kitu kizuri mpaka kimepata nguvu. Mwaka 1984 Jane Taylor na Trevor Robbins, huko Cambridge, waliwafundisha panya wenye kiu kwamba alama fulani inatangulia maji. Kisha wakawawekea vibao viwili vipya. Kimoja kilileta alama peke yake, bila maji. Kingine hakikuleta kitu. Amfetamini ilitiwa moja kwa moja katika sehemu ndogo ya ubongo inayopokea dopamini nyingi. Panya wakafinya sana kile kibao cha alama. Kile kisicholeta kitu hawakukifinya zaidi. Kwa hiyo siyo mikono tu iliyochangamka. Alama tupu, bila maji nyuma yake, ilipewa thamani kubwa.

Na dawa yenyewe inajiwekea alama. Ukimpa panya amfetamini mara kadhaa katika chumba chenye mistari, na maji ya chumvi katika chumba cheupe, siku ukimwachia mlango wazi bila dawa, anakwenda kukaa kwenye mistari. Ukimfungia mshipa kabomba na kumpa kibao kinacholeta dawa badala ya chakula, anajifunza kukifinya. Pickens na Harris waliandika mwaka 1968 jinsi panya wanavyoichukua kwa vipindi, muda wa kufinya bila karibu kula wala kulala, kisha muda wa kuacha, kisha tena. Panya wanaweza hata kufundishwa kuitambua: finya kibao cha kushoto kama umepewa amfetamini, cha kulia kama umepewa maji ya chumvi. Panya waliofundishwa hivyo, ukiwapa katinoni, ile ya mairungi, wanakwenda kwa kibao cha amfetamini. Kwao ni kitu kimoja.

Halafu kuna mazoea. Andrew Nelson na Simon Killcross, katika mji wa Cardiff, walitoa jaribio lao mwaka 2006. Panya walipewa amfetamini kwa siku kadhaa, kisha ikaachwa. Baadaye, bila dawa, walifundishwa kufinya kibao kwa chakula. Wakisha kujua, chakula kile kiliharibiwa: walikila, kisha wakachomwa kitu kinacholeta kichefuchefu, mpaka wakakichukia. Panya ambaye hakuwahi kupata amfetamini, akirudishwa kwa kibao, anafinya kidogo, kwa sababu anajua kibao kinaleta kitu asichokitaka. Wale waliopata amfetamini zamani waliendelea kufinya. Mkono ulikuwa unafanya kazi ambayo tumbo liliikataa. Kwa kawaida panya anafika hali hiyo baada ya mazoezi marefu sana. Hawa waliifikia mapema. Lakini wale waliojifunza kibao kwanza, na kupewa amfetamini baadaye, walibaki na akili yao juu ya kibao hicho. Ilichogusa dawa ni kile kilichojifunzwa baada yake.

Huko California, Alicia Izquierdo na wenzake waliona mwaka 2010 jambo linalokaribiana na hilo kwa metamfetamini. Panya alijua kuchagua kati ya picha mbili ili alipwe. Akapewa metamfetamini kwa vipimo vya kufuatana, na baada ya dawa kwisha alikumbuka vizuri picha inayolipa. Ugumu ulikuja walipogeuza kanuni, ile picha ya pili njo inalipa sasa. Hapo alichelewa kuliko wenzake. Alichokijua hakikupotea, kukubali kwamba mambo yamegeuka, hapo njo alipokwama.

Na mwanafunzi je?

Anayemeza ili asome usiku wote anakutana na mambo mawili. La kwanza ni kwamba kusoma bila kulala kunakata kazi ambayo ubongo unaifanya mtu akiwa amelala, ya kukaza yale ya mchana yasitoke. Hilo limeonekana kwa panya na kwa watu. Dawa inaondoa usingizi. Haifanyi kazi ya usingizi. La pili ni kwamba yaliyofundishwa mnyama akiwa chini ya dawa wakati mwingine yanatoka vizuri zaidi akiwa chini ya dawa tena kuliko akiwa mtupu. Donald Overton alilionyesha wazi mwaka 1964 kwa pentobabitali. Kwa amfetamini nguvu ya jambo hilo ni ndogo kuliko kwa dawa za kulaza, lakini hata vile, siyo habari njema kwa anayetegemea kusoma na kidonge na kuandika bila kidonge.

Panya siyo mtu. Panya anachomwa sindano na mtu aliyevaa koti jeupe, kwa kipimo kinachojulikana. Kidonge kinachouzwa bila boksi sokoni hakuna anayejua kimebeba nini. Panya wa labo pia hana deni, hana mzazi anayengojea matokeo. Ila sehemu za ubongo ambazo dawa hii inagusa, panya anazo na sisi tunazo.

Mtu asichanganye jambo hili na matibabu. Tangu mwaka 1937, Charles Bradley alipowapa Benzedrine watoto wenye shida ya tabia katika jimbo la Rhode Island na kuona wengi wametulia na kusoma vizuri zaidi, waganga katika nchi nyingi wanatumia dawa za jamaa hii kwa watoto na watu wazima wenye shida kubwa ya kutulia na kukaza akili, kwa kipimo kidogo na kwa kufuatiliwa. Watu walishangaa zamani: dawa ya kuchangamsha inamtulizaje mtoto? Kanuni ya njiwa wa Boston ilitoa njia moja ya kulielewa: mtoto yule alikuwa anaenda mbio tayari, na kinachoenda mbio mara nyingi dawa inakipunguza. Aliyeandikiwa na munganga asiache kwa sababu ya makala hii; aende akamuulize yeye.

Na kama kuna mtu nyumbani ambaye moyo wake unapiga mbio, mwili unachemka, hajalala siku mbili ao tatu na anaanza kuona ao kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni, mpelekeni kituo cha afya bila kungoja ashuke mwenyewe. Mwambieni munganga alimeza nini, lini, na kama kuna kilichobaki kwenye mfuko wake chukueni na muende nacho. Munganga anakihitaji ili ajue kwa kuanzia.